Kati ya Kisanduku na Kisanduku: Maadili ya Kuuchora Wakati Ujao katika Mbuga za Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi huulizwa mara nyingi kama sayansi yake inaaminika, na riwaya ya michoro huulizwa kama picha zake zinavutia. Makala haya yanauliza swali la tatu, ambalo ni la maadili. Msanii anapoichukua nchi halisi, yenye jina na wenyeji, akaichora jinsi itakavyokuwa miaka mia moja ijayo, je, ana deni lolote kwa wanaoishi humo leo? Na ikiwa analo, deni hilo hulipwaje katika sanaa, ambayo kwa jadi haidaiwi ukweli wa matukio bali ukweli wa maisha?

Swali hili limepata uzito kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifasihi. Tangu katikati ya miaka ya 2010, wachapishaji wadogo wa Kiafrika wasiotegemea makampuni makubwa wamekuwa wakitoa riwaya za michoro ambazo mandhari yake ni Afrika ya kesho. Ya pili ni ya kijamii. Zipo sehemu za Afrika Mashariki ambamo wakati ujao tayari unauzwa kwa ekari. Kitengela, mji ulio kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Nairobi, pamoja na Kaunti ya Kajiado ambamo mji huo umo, ni mojawapo ya sehemu hizo. Hapo mbuga ya wafugaji na wanyamapori imegeuka kuwa mitaa, viwanda na viwanja vilivyozungushiwa seng'enge, yote hayo ndani ya umri wa mtu mmoja. Kwa hiyo Kitengela inafaa kuwa kipimo: nadharia yoyote ya maadili ya kuuchora wakati ujao haina budi kuweza kusimama hapo bila kuaibika.

Hoja inayojengwa ni kwamba deni lipo, na kwamba halimo hasa katika kile kinachochorwa bali katika kile kinachorukwa. Riwaya ya michoro ni sanaa ya kuruka: kati ya kisanduku kimoja na kingine pana mwanya mtupu, na katika mwanya huo mambo hutendeka bila kuonyeshwa. Bunilizi ya kisayansi nayo ni fasihi ya kuruka: kati ya leo ya msomaji na kesho ya hadithi pana miaka ambayo haisimuliwi. Tanzu hizi mbili zinapokutana, mwanya huwa mpana maradufu, na ndani yake watu wanaweza kuhamishwa bila yeyote kuona.

2. Hadithi za Picha na Maana ya Uhuru

Hadithi za picha si ngeni katika eneo hili. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililomfanya mtu wa kawaida wa Nairobi kuwa shujaa wa vichekesho. Nchini Tanzania jarida la Sani lilijenga jadi yake lenyewe ya vibonzo. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithia ulizitia ngano katika picha. Frank Odoi, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alimbuni Akokhan na kuonyesha kwamba shujaa mwenye nguvu za ajabu anaweza kuchotwa katika imani za Kiafrika. Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, liliwafikia vijana kwa Sheng na bila malipo.

Kazi hizi, kwa jumla, zilitazama pande mbili za wakati. Zilitazama leo kwa jicho la kejeli, au zilitazama kale kwa jicho la ngano. Upande wa tatu, yaani kesho, umepata nguvu zaidi katika kizazi cha wachapishaji huru. Roye Okupe wa Nigeria alitoa E.X.O. mwaka 2015 kupitia kampuni yake ya YouNeek Studios, akichangiwa fedha na wasomaji wenyewe. Hadithi hiyo iliwekwa katika mji wa kubuni uitwao Lagoon City. Nchini Ethiopia, Etan Comics ilitoa Jember mwaka 2018 na kuifuatisha na Hawi, zote zikipatikana kwa Kiamhari na Kiingereza. Kugali, kampuni iliyoanzishwa na Wanigeria wawili pamoja na Hamid Ibrahim wa Uganda, ilitoka katika vibonzo hadi kushirikiana na Disney katika Iwájú, mfululizo wa filamu za katuni ulioonyeshwa mwaka 2024 ukiichora Lagos ya kesho yenye mgawanyiko mkali kati ya matajiri wa kisiwani na maskini wa bara.

Katika orodha hii neno "huru" linastahili kuchunguzwa. Kwa kawaida humaanisha kwamba mchapishaji hana bwana wa fedha juu yake. Maana hiyo ni finyu, na pia haidumu: YouNeek iliingia mkataba na Dark Horse mwaka 2021, na Kugali ikaingia na Disney, bila kazi zao kupoteza thamani kwa sababu hiyo pekee. Maana pana zaidi ni ya kimaadili. Mchapishaji huru ni yule anayeweza kuamua ni nini kisirukwe. Kampuni kubwa, inayouza kitabu kimoja kwa wasomaji wa mabara yote, huvutwa na mandhari ambayo kila mtu anaitambua: jua, mbuga, mbuni, shuka nyekundu. Mchapishaji mdogo anayeuzia wasomaji wanaoijua barabara ya Namanga hana kisingizio hicho. Msomaji wake anajua kilichokuwapo pale kabla ya kituo cha mafuta.

3. Mwanya na Mkono wa Msomaji

Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sanaa ya vibonzo, alionyesha jambo ambalo halijavunwa vya kutosha na wahakiki wa maadili. Katika kisanduku kimoja alichora mtu aliyeinua shoka juu ya mwenzake. Katika kisanduku kinachofuata alichora mji usiku na ukelele. Hakuchora pigo. Pigo lilitokea katika nafasi nyeupe kati ya picha mbili, na aliyelipiga, kwa hoja ya McCloud, ni msomaji, kila mmoja kwa namna yake. Msanii aliinua shoka, msomaji aliliteremsha.

McCloud alilitoa jambo hili kama maelezo ya kiufundi. Hata hivyo, ndani yake mna mzigo wa kimaadili. Ikiwa ni msomaji anayekamilisha tendo katika mwanya, basi msanii anayeacha mwanya huwa amemshirikisha msomaji katika tendo, akijua au asijue. Mwanya wa shoka ni mwaminifu, kwa sababu ukelele unasikika: msomaji anajua kwamba pametendeka jambo, na moyo unamruka. Lakini upo mwanya wa aina nyingine, ambao hauachi ukelele wowote. Kisanduku cha kwanza: boma la wafugaji jioni. Kisanduku cha pili: maandishi yasemayo kwamba miaka mia moja imepita. Kisanduku cha tatu: mnara wa kioo, magari yaendayo hewani, umati wa vijana waliovaa kwa fahari. Msomaji hapa pia amekamilisha tendo, ameliondoa boma, ila hakuhisi kitu mkononi. Alidhani ni wakati uliopita tu, ilhali wakati peke yake hauhamishi boma.

Darko Suvin, mwaka 1979, aliieleza bunilizi ya kisayansi kuwa fasihi ya ugeni unaofikirisha: huingiza jambo jipya katika ulimwengu wa hadithi ili msomaji autazame upya ulimwengu wake mwenyewe. Kwa kipimo hicho, hadithi inayoruka boma kimyakimya haikosei kimaadili tu. Imeshindwa pia katika fani yake, maana haikumfanya msomaji aione upya leo yake, imemsaidia kutoiona. Hapo ndipo swali la maadili na swali la ubora wa kisanaa yanapokutana, na ndiyo sababu mhakiki wa fasihi hawezi kuliacha mikononi mwa mwanafalsafa peke yake.

4. Mbuga Isiyokuwa Tupu

Anayetaka kuona jinsi mianya ya aina hii inavyofanya kazi nje ya vitabu na aitazame historia ya ardhi ya Wamaasai. Majina yenyewe ni ushahidi. Nairobi ni neno la Kimaa lenye kutaja maji baridi, na Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Mji mkuu na kaunti jirani vinaitwa kwa lugha ya watu ambao picha nyingi za kesho huwachora kama mapambo ya pembeni.

Kwa mkataba wa mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Kwa mkataba wa 1911 wale wa Laikipia nao walihamishwa kupelekwa kusini. Mwaka 1913 Wamaasai walilipeleka shauri lao mahakamani, nalo likatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuitekeleza. Yaani watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi kwa sababu ya udhaifu wao walihesabiwa kuwa taifa la kigeni pale tu walipodai haki. Bunilizi za kisayansi zimejaa viumbe wageni watokao sayari za mbali. Ni nadra kukuta katika bunilizi hizo mgeni wa ajabu kuliko huyu, aliyefanywa mgeni kwa hukumu ya mahakama akiwa amesimama kwao.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu kuundwa kwa ranchi za vikundi, ambapo ardhi ilimilikiwa kwa pamoja na wanachama walioandikishwa. Ranchi ya Kitengela ilianza kugawanywa kwa wanachama mmoja mmoja mwaka 1988. Miaka michache baadaye, kuanzishwa kwa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje katika Athi River kulivuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Hatimiliki zikauzwa, viwanja vikakatwa, nyua zikaongezeka. Nyumbu waliokuwa wakitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi kila msimu wa mvua kwenda kuzaa katika tambarare za Athi na Kaputiei, na ambao katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wamepungua hadi kubaki wachache mno. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 iliwahesabu 1,117,840, na Kitengela pekee ilikuwa imepita 150,000.

Yapo mambo mawili ambayo mchoraji mwenye haraka huyakosa. La kwanza ni kwamba seng'enge ya mpima ardhi na mstari wa mchora vibonzo ni ndugu. Vyote viwili hukata uwanda mzima kuwa vipande vya mraba na kuamua nini kiwe ndani na nini kiwe nje. Nyumbu aliyezuiwa na ua na mhusika aliyeachwa nje ya kisanduku wamepatwa na jambo la namna moja: njia yao haikuhesabiwa. La pili ni kwamba mwanya wa Kitengela haujajaa dhuluma peke yake. Mwenye ardhi aliuza mara nyingine kwa kulazimishwa na ukame, mara nyingine kwa karo ya mtoto au gharama za hospitali, na mara nyingine kwa hiari kamili. Mnunuzi naye mara nyingi alikuwa mwalimu au karani aliyeweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka mingi, na pengine babu yake mwenyewe alihamishwa kutoka kwao. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakumwambia mtu afanye nini pale mbachao unapopunguzwa upande mmoja mwaka baada ya mwaka. Hadithi yenye wanyang'anyi upande mmoja na malaika upande mwingine itakuwa imeuruka mwanya pia, kwa njia ya mkato.

5. Bango la Kiwanja kama Bunilizi

Kabla ya kuzihukumu riwaya za michoro, hapana budi kutambua kwamba wakati ujao wa Kajiado umekwisha kuchorwa na wasanii wengine, wenye wasomaji wengi zaidi. Hao ni wachoraji wa mabango ya kuuza viwanja na nyumba. Bango la namna hiyo lina sifa zote za utanzu huu. Linaonyesha mahali halisi katika wakati ambao haujafika: nyasi za kijani ambapo mvua ni ya kubahatisha, bwawa la kuogelea ambapo maji huletwa kwa magari, barabara pana yenye miti, familia inayotabasamu. Uwanda unaozizunguka nyumba hizo huchorwa mtupu, kana kwamba haukuwahi kukanyagwa na kwato.

Mifano mikubwa zaidi ipo. Konza, jirani na mpaka wa Kajiado, ilitengewa ekari 5,000 kwa ajili ya mji wa teknolojia, na ujenzi wake ukazinduliwa Januari 2013. Kwa miaka mingi baadaye mji huo ulijulikana na Wakenya wengi kwa michoro yake kuliko kwa majengo yake. Ilikuwa bunilizi ya kisayansi iliyochapishwa na serikali.

Hili linabadili sura ya swali. Mchora riwaya hachori kwenye karatasi tupu. Anachora juu ya karatasi ambayo muuza viwanja amekwisha kuichora. Akiuonyesha uwanda wa Kitengela kuwa ardhi tupu inayongoja mnara, hata kama nia yake ni kuonyesha fahari ya Mwafrika, mchoro wake na bango vitakuwa vinasema neno moja. Hapo udhuru wa kwamba hii ni sanaa tu hautoshi, kwa kuwa picha ya uwanda mtupu imeshakuwa chombo cha biashara kabla ya yeye kuishika kalamu.

6. Namna Tatu za Kuruka

Ili kupima hoja hii, inafaa kulinganisha kazi tatu zinazojulikana, ingawa si zote ni za vibonzo. Kila moja inauruka mwanya kwa namna yake.

Ya kwanza ni Wakanda. Nchi hiyo ya kubuni iliingia katika vibonzo vya Marekani mwaka 1966 kwa kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na filamu ya mwaka 2018 ikaifanya kuwa picha mashuhuri kuliko zote ya Afrika ya kesho. Mbunifu wa mavazi wa filamu hiyo, Ruth Carter, alieleza kwamba mavazi mekundu ya walinzi wa kike wa mfalme yalichota, pamoja na mambo mengine, katika mavazi ya Wamaasai. Wapo waliosema kwamba kosa, ikiwa lipo, ni la kuazima bila kulipa. Na kweli, katika miaka ya 2010 jumuiya ya wazee wa Kimaasai iliendesha kampeni ya kutaka jina na sura ya watu wao visitumiwe kibiashara bila ridhaa na malipo. Lakini suala lina kina zaidi ya malipo. Wakanda ni nchi ambayo haikutawaliwa kamwe. Haikuwa na 1904, haikuwa na 1911. Furaha ambayo watazamaji wa Afrika waliipata kwa kuiona ni furaha ya kweli, na hakuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo, rangi nyekundu ya watu walioipoteza nchi imevishwa walinzi wa nchi isiyopotea, na mwanya baina ya hao wawili haukutajwa. Wakanda haikuuruka mwanya kwa uzembe. Iliufuta, na kufuta huko ndiko kulikoileta faraja yake.

Ya pili ni Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Ulimwengu wake ni jangwa baada ya vita vya maji. Watu wanaishi katika mji uliofungwa, kila tone la jasho linarudishwa kunywewa, na Asha, mhusika mkuu, anapata udongo unaoonyesha dalili ya uhai na kutoka nje kwenda kupanda mbegu. Hapa pia uwanda ni mtupu. Tofauti ni kwamba utupu huo una sababu, na sababu imetajwa tangu mwanzo. Kwa msomaji wa Kajiado, ambako ukame wa 2009 uleule uliwaangamiza ng'ombe kwa wingi, jangwa la Pumzi si mandhari bali ni hoja. Mwanya haukusimuliwa kwa urefu, lakini ukelele unasikika. Ni kweli kwamba filamu yenyewe ilipigiwa picha Afrika Kusini. Jambo hilo halipunguzi uaminifu wake, kwa maana uaminifu unaodaiwa hapa si wa mahali pa kamera.

Ya tatu ni Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma, anatiwa katika chombo cha kurushwa angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake; anajifunza kukiendesha na kutua katika nchi ya usawa. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama njozi ya kisiasa, na ndivyo ilivyo. Kwa madhumuni ya makala haya, la muhimu ni kwamba Mkangi aliufanya mwanya wenyewe kuwa hadithi. Njia ya kufika kesho njema imepitia hukumu, hofu, na mtu mnyonge kujifunza mtambo ambao wakubwa waliutengeneza ili umuue. Na jina la nchi, wale ni sisi, linakataa katakata utengano ambao mwanya wa kimya huutegemea, yaani kwamba wale wa hapo zamani hawahusiani na hawa wa hapa sasa. Kiswahili, basi, kina mfano wake chenyewe wa jinsi ya kuruka kwa uaminifu, na msanii wa vibonzo wa leo hana haja ya kwenda kuutafuta ng'ambo.

7. Nani Mwenye Kujua Mtambo?

Mfano wa Dzombo unaleta upande wa pili wa deni. Wakati ujao haurithishwi ardhi tu, hurithishwa maarifa. Katika michoro mingi ya kesho, mwenyeji wa mbuga hutokea kama mlinzi wa hekima ya kale, ilhali mwenye kutengeneza mtambo hutoka mjini au ng'ambo. Mgawanyo huo wa kazi hauna msingi, na Kitengela inao ushahidi.

Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekulia pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa Kitengela, alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya simba. Alijaribu moto, ukashindwa. Alijaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Kisha aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akatumia betri kuukuu ya gari, paneli ya nguvu za jua, kifaa cha kumulikia ishara cha pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akaunda taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka boma, kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alilieleza jukwaa la TED nchini Marekani alivyofanya. Uzito wa uvumbuzi huo unaeleweka vizuri zaidi pale inapokumbukwa kwamba mwaka 2012 wakazi wa eneo hilo waliwaua simba sita walioingia katika boma na kuua mifugo.

Kisa hiki hakikusimuliwa hapa kwa ajili ya kusifia kipaji. Kimesimuliwa kwa sababu kina umbo kamili la bunilizi ya kisayansi kama Suvin alivyoieleza: jambo jipya moja linaingia, na uhusiano wa mtu, mnyama na ardhi unabadilika. Nalo halikuingia kutoka nje. Liliingia kutokana na ujuzi wa mchungaji kuhusu tabia ya simba, ujuzi ambao mhandisi wa mjini hakuwa nao. Vivyo hivyo, mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, inayofua megawati 100 na ambayo ilianza kuuza umeme mwaka 2021, imesimama Kajiado katika ardhi iliyokodishwa kwa wenyewe, na malisho yanaendelea chini yake. Mambo haya mawili hayathibitishi kwamba kesho ya Kajiado itakuwa njema. Yanathibitisha kwamba picha ya mnara ulioondoa boma si picha pekee inayowezekana, na kwa hiyo msanii anayeichagua picha hiyo amechagua, hakuiokota njiani.

8. Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni ya uhuru wa sanaa. Itasemwa kwamba msanii si mpima ardhi wala wakili, na kwamba kumdai historia ya kila ekari ni kuiua njozi. Jibu ni kwamba hadaiwi historia bali ukelele. Katika vibonzo, ukelele unaweza kuwa kitu kidogo sana: nguzo ya zamani ya seng'enge iliyoachwa katika pembe ya kisanduku, jina la Kimaa lililobaki kwenye kibao cha kituo cha treni, kikongwe anayesema kwa lugha yake ndani ya kiputo kisichotafsiriwa. Alama za namna hii haziifungi njozi. Zinaipa uzito, kwa kuwa zinamwambia msomaji kwamba katika nafasi nyeupe aliyoiruka palikuwa na watu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ni nani aliyempa mhakiki haki ya kuamua kwamba wenye kudai katika Kitengela ni kundi moja? Mji huo sasa una watu wa kila kabila, na watoto waliozaliwa humo hawana kwingine kwa kupaita kwao. Pingamizi hili lina haki, na halina budi kukubaliwa. Lakini kulikubali hakufuti deni, kunaliongeza. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani naye anaweza kurukwa, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hana shuka nyekundu ya kumfanya apendeze katika picha. Mwanya mwaminifu ni ule unaowasikilizisha wote wawili, hata pale madai yao yanapogongana.

Hoja ya tatu ni ya haki katika kugawa mzigo. Je, si uonevu kumtwika mchapishaji mdogo, anayechapa nakala chache kwa fedha za kuchangiwa, wajibu ambao kampuni kubwa na wauza viwanja hawautimizi? Ni kweli kwamba lawama hupenda kumwangukia aliye karibu. Hata hivyo, wajibu unaozungumziwa hapa hauhitaji fedha. Unahitaji ujuzi wa mahali, na huo ndio mtaji pekee ambao mchapishaji mdogo anao kuliko mkubwa. Kuuacha ni kuiacha sababu yake ya kuwepo.

9. Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mhakiki anayeisoma riwaya ya michoro ya kisayansi iliyowekwa katika mahali halisi pa Afrika Mashariki anaweza kuiuliza maswali matatu. Ardhi hii ilikuwa mikononi mwa nani, na ilitokaje? Maji yanatoka wapi? Nani ajuaye jinsi mtambo unavyofanya kazi? Kazi haihitaji kuyajibu maswali yote matatu kwa maneno, lakini isiyoweza kuulizwa hata moja bila kuporomoka imejengwa juu ya mwanya wa kimya, na uzuri wa michoro yake hautauziba.

Maswali haya yametoka Kitengela na Kajiado, ila hayaishii huko. Yanafaa Lagos ya Iwájú, yanafaa pwani yoyote inayongoja bandari na kijiji chochote kilicho katika njia ya reli. Yanaifaa zaidi fasihi ya Kiswahili, ambayo kuanzia Walenisi hadi Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo mfu anarudi kumwonyesha mjukuu wake hali ya nchi, imekuwa na mazoea ya kumfanya mtu wa leo ahesabiane na waliomtangulia. Msanii wa vibonzo anayeyafuata mazoea hayo atakuwa na uwezo ambao mwandishi wa nathari hana: anaweza kuyaweka maboma na minara katika ukurasa mmoja, macho ya msomaji yakaviona vyote kwa mara moja, kisha akamwachia kati yake nafasi nyeupe ambayo msomaji hawezi kuivuka bila kujua anachokikanyaga.